Wa Tatu kwa Hiari

Foleni ya lango kuu la chuo ilikuwa ikienda mbele, na msichana mmoja tu ndiye aliyekuwa akirudi nyuma.

Ilikuwa siku ya kwanza ya muhula. Wanafunzi walibanana bega kwa bega, mabegi mapya yakinukia duka, na mlinzi alipaza sauti kutoa amri ambazo hakuna aliyezisikiliza. Msichana alivaa gauni la kijivu lililomfika chini ya magoti, kitambaa cha kichwani cha rangi hiyo hiyo, na raba zisizo na mlio. Hapakuwa na kitu mwilini mwake ambacho mtu angekikumbuka baada ya kugeuza shingo, na hivyo ndivyo alivyokusudia alipokuwa akivaa.

Kando ya kibanda cha walinzi alikuwa ameona kundi la watu wenye sare, wana meza, wana karatasi, na wanamsimamisha kila apitaye. Hilo lilimtosha. Aligeuka, akainamisha kichwa, akaanza kupasua umati kama mtu anayeogelea kinyume cha mkondo, mpaka paji lake la uso likagonga kifua cha mtu. Bomba la kubebea michoro lilimponyoka mtu huyo, likabingirika miguuni mwa watu.

"Dada," sauti nzito ikasema juu ya kichwa chake, "foleni inaelekea kule."

"Samahani. Nimesahau kalamu nyumbani."

"Kalamu?" Kijana alichomoa moja kati ya zile zilizojipanga kwenye mfuko wa shati lake kama askari gwarideni. "Chukua. Sasa hujasahau kitu."

"Na kitabu pia."

"Utaazima maktaba."

"Naumwa."

"Umeanza kuumwa sasa hivi, au tangu kwenye kalamu?"

Macho ya msichana yalikuwa yakirukia kwenye ile meza na kurudi. Kijana aliyafuata, kisha akacheka, kicheko cha chini chenye adabu.

"Kumbe wale! Wale ni watu wa damu, dada. Wanaomba damu ya hospitali. Anayetaka anatoa, asiyetaka anapita. Mtu mzima unaogopa sindano?"

Msichana aliudaka udhuru huo kwa nafuu. "Naam," alisema. "Naogopa sindano."

"Basi pita kushoto kwangu. Mimi mpana, hawatakuona."

Akapita kushoto kwake. Uongo ule mdogo ndio uliokuwa jiwe la kwanza la mapenzi yao. Na jengo likiwekwa juu ya jiwe bovu, liwe zuri namna gani, siku ya kutikisika haikosi kufika.

Hakuwa akiogopa sindano. Alikuwa akiogopa sare. Alivushwa mpaka wa nchi akiwa mgongoni mwa mama yake, angali mdogo hata hajui kulitamka jina lake, mwaka ule baba yake alipouawa na nyumba yao kuchomwa. Alisoma shule za nchi hii, akaimba wimbo wake kila asubuhi, akaota ndoto kwa lugha yake; lakini hapakuwa na ofisi hata moja iliyojua kwamba yeye yupo. Chuoni aliingia kwa vyeti vya sekondari, ambavyo alivitolea jasho na vilikuwa halali. Penye nafasi ya kitambulisho cha uraia, karani mwenye haraka aliandika "kitaletwa", na tangu hapo kila mwaka neno hilo lilisukumwa mbele kama takataka mbele ya ufagio. Angemaliza shahada yake iwapo hakuna mtu ambaye angesimama akalisoma neno lile mara mbili. Hilo tu ndilo alilomwomba Mungu.

Kijana yule aliitwa Kiranja. Hakuzaliwa na jina hilo. Alilivuna katika shule ya bweni alikokaa tangu utotoni mpaka ndevu zikamwota, na halikumbanduka tena. Aliamka kwa kengele ambayo haikuwapo. Alipiga pasi hata soksi. Alikuwa ameahirisha masomo ili amuuguze baba yake, na alipokwisha kumzika alirudi, akajikuta darasa moja na msichana wa gauni la kijivu katika idara ya uhandisi wa majengo.

Matokeo ya jaribio la kwanza yalipobandikwa, Kiranja alikuwa wa kwanza. La pili, wa kwanza. Msichana alikuwa wa tatu, kisha wa tatu tena.

"Wewe una mkataba na namba hiyo?" Kiranja alimuuliza walipokuwa wakiteremka ngazi za maktaba.

"Tumezoeana tu."

"Basi nitakuita Tatu."

"Niite. Na mimi nikuiteje?"

"Mimi ukiniita mpenzi, nitaitika."

"Kiranja! Bwenini mlifundishwa na hayo?"

"Hayo tulijifunza wenyewe, mwalimu akiwa amegeukia ubao."

Tatu aliinama kuficha tabasamu, akashindwa. Tangu siku ile walionekana pamoja: yeye na nguo zake za rangi ya vumbi, na Kiranja na mashati yake meupe yenye mikunjo mikali kiasi cha kumkata mtu kidole.

Lakini nafasi ya tatu haikuwa bahati. Ilikuwa kazi. Katika chuo kile, wa kwanza na wa pili walipandishwa jukwaani, wakapigwa picha na kukabidhiwa barua za ofisi kubwa kubwa. Wa tatu alipigiwa makofi akiwa ameketi kitini. Tatu alikuwa amejifunza kupunguza alama zake kama mpishi anavyojua kupunguza chumvi. Aliyajibu maswali yote sawasawa mpaka akafika la mwisho. Hapo aliisogeza nukta ya desimali nafasi moja, na boriti iliyopaswa kubeba jumba la ghorofa ikageuka ufito. Kila alipofanya hivyo aliumia, maana alikipenda kile alichokuwa akikiharibu.

Elimu hiyo ya kujipunguza alifundishwa na mama yake, mwanamke mwembamba aliyefua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni. "Mwanangu," alizoea kusema, "wa kwanza huitwa jina, na wa mwisho huitwa jina. Wewe kaa pale ambapo jina halifiki." Hata bahati nasibu hakucheza, asije akashinda. Chumba chao cha ghorofa ya juu kilikuwa na vitanda viwili, jiko dogo, na nyuma ya mlango begi lililofungwa tayari. Wote wawili waliwajua wapangaji wenzao kwa miguu: huyu anaburuza, yule anaruka ngazi mbili mbili, mwingine anapumzika katikati. Hatua wasizozitambua zilipopanda, mazungumzo yalikatika, vijiko vikakaa vilivyo mpaka hatua zipite.

Alfajiri moja simu ya Tatu ilitetemeka chini ya mto.

"Umeamka?" aliuliza Kiranja.

"Jogoo hajaamka, wewe!"

"Jogoo hana mtihani. Nilitaka sauti yako iwe ya kwanza kuisikia leo."

"Umeisikia. Kalale."

"Sema kwanza unanipenda."

"Mama yupo."

"Basi kohoa nitaelewa."

Tatu akakohoa. Upande wa pili wa chumba mama yake akageuka kitandani. "Huyo kengele wako amekwisha amka?" akasema gizani. "Ndiyo maana walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini sisi, mwanangu, kazi yetu ni kujificha. Umemwambia?"

"Bado, mama."

"Utamwambia lini?"

"Nikimaliza shahada."

"Na akikuacha?"

"Nitakuwa nimemaliza."

Mama alibaki macho mpaka kukapambazuka.

Mwezi wa mwisho wa masomo ulipowadia, majaribio yaliyosahihishwa yalirudishwa ili wajiandae kwa mtihani mkuu. Mchana mmoja walikuwa peke yao katika chumba cha michoro, jua limejaa mezani, na Tatu akatoka kwenda kuchukua chai. Aliporudi na vikombe viwili alimkuta Kiranja amesimama, ameyapanga majaribio yote ya Tatu mezani, moja chini ya jingine.

"Uliniambia nisome majibu yako nijifunze," alisema. "Nimesoma."

"Na umejifunza?"

"Nimejifunza. Mtu aliyepanda ngazi zote bila kuteleza hadondoki akishafika kwenye zulia. Njia yako yote ni safi, kisha mstari wa mwisho nukta inahama. Hapa. Na hapa. Na hapa pia."

Tatu alikuwa angali na vikombe mikononi. Akaviweka mezani. "Nilikosea."

"Nukta ile ile? Kila mara? Tatu, nitazame."

Hakumtazama. Alikuwa akiutazama mlango, aone kama umefungwa vizuri.

"Tangu lini unanihurumia?" Sauti ya Kiranja ilikuwa chini, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kelele. "Nimemwandikia mama yangu kwamba mimi ni wa kwanza. Nimesimama mbele ya kaburi la mzee wangu nikamwambia. Kumbe nilikuwa nikitupiwa mfupa!"

"Si wewe. Wallahi si kwa ajili yako."

"Basi kwa ajili ya nani?"

Ulimi wa Tatu ulifika kwenye neno, ukarudi. Koridoni kulikuwa na hatua za mtu asiyemjua. "Siwezi kukwambia," alisema. "Chukua ushindi wako uende nao, Kiranja. Unakudhuru nini?"

"Mimi sivai koti la mtu," alijibu, akakusanya kalamu zake moja moja, akatoka. Chai ilipoa mezani, na hakuna aliyeinywa.

Laiti kijana yule angelikuwa na kiburi kidogo zaidi, angelinuna siku kadhaa yakaisha. Lakini alikuwa na kitu kilichozidi kiburi, nacho ni uadilifu. Na uadilifu wa mtu asiyejua habari kamili ni kama panga mkononi mwa kipofu. Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa mkuu wa idara, profesa wa kike wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni, akamwambia kwa heshima kwamba wa kwanza wa darasa lile si yeye. Akamwonyesha nukta zile. Kisha akatoka amenyoosha mgongo, akiamini kwamba amemrudishia mpenzi wake mali yake.

Profesa aliingia darasani akitabasamu, jambo lililokuwa adimu. Akamwita Tatu kwa jina lake kamili, la kwake na la baba yake, akamtaka asimame.

"Nimefundisha miaka mingi," alisema, "na sijapata kuona mtu akijificha nyuma ya nukta. Sijui ni unyenyekevu au ni utoto, ila umekoma leo. Huyu, jamani, ndiye mwanafunzi wenu bora. Nimekwisha kulipeleka jina lake kwa wahandisi wa serikali; atafanya mafunzo kwenye daraja jipya. Mpigieni makofi!"

Darasa zima lilishangilia. Kiranja, kwenye kiti cha mbele, alipiga makofi kuliko wote, na aligeuka ili amwone akicheka. Alichokiona kiliifanya mikono yake isimame hewani. Uso wa Tatu ulikuwa umepauka kama wa mtu aliyesomewa hukumu.

"Jumatatu nenda kwa msajili," Profesa aliendelea, "na kitambulisho chako halisi cha uraia. Kuna neno 'kitaletwa' kwenye jalada lako. Kilete sasa, tusiaibishane."

Tatu alisema "Asante, Profesa." Alikusanya vitabu bila haraka, kwa kuwa mama yake alimfundisha kwamba anayekimbia hukimbizwa. Alitembea mpaka nje ya lango. Huko ndiko alikoegemea ukuta.

Mama yake alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akalichukua lile begi nyuma ya mlango. Hakulia wala hakulaumu. Kabla jua halijatua chumba kilikuwa kitupu, na wao walikuwa wakitandika godoro katika stoo ya sabuni ya kiwanda cha dobi alikofanya kazi mama, kwa hisani ya msimamizi ambaye hakuuliza maswali. Tatu alizima simu. Siku zilizofuata alipiga pasi kando ya mama yake, mvuke ukimchoma uso, akajisemea kwamba hivi ndivyo shahada inavyokufa: haikatwi shingo, inaachwa tu mahali, kama mwavuli.

Ilikuwa Ijumaa mchana alipoiwasha simu ili aone saa. Ujumbe uliingia mfululizo mpaka ikapata moto mkononi mwake. Wa mwisho ulikuwa mfupi: *Sijui nimekosea wapi, ila najua nimekosea. Nifundishe.*

Aliusoma tena. Mtu yule alikuwa na maneno mengi, lakini hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Akapiga.

"Tatu? Ni wewe? Usikate! Ukikata nitapiga mpaka simu hizi zife zote mbili."

"Hujambo."

"Sijambo wapi! Nimekwenda kwenu, jirani anasema mmehama. Nimekaa ngazini pale kama paka. Hata pasi sijapiga."

"Hata soksi?"

"Hata soksi, mama wee."

Alicheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hajakizuia. "Njoo hapa ninapokwambia," alisema. "Njoo peke yako. Na usivae shati jeupe, unaonekana toka mbali."

Kiranja alifika amevaa shati la bluu lililokunjamana. Tatu alimpeleka katikati ya mashuka yaliyoanikwa, yaliyoning'inia pande zote kama kuta za nyumba, na hapo, ngurumo za mashine zikiyafunika maneno, alimwambia yote. Alimwambia mpaka uliovukwa gizani, begi la nyuma ya mlango, neno la karani, na kwa nini nukta ilihama. Alisema kwa haraka, macho yakiwa kwenye upenyo baina ya shuka na shuka.

Kiranja hakumkatiza. Mtu alipopita nyuma yao na viatu vizito, Tatu aliona bega la mpenzi wake likishtuka na shingo yake ikigeukia sauti. Kwa mara ya kwanza alikuwa amesikia hatua kama yeye alivyozisikia maisha yake yote.

"Mimi ndiye niliyekupeleka," alisema hatimaye. "Kwa miguu yangu. Nimenyoosha na mgongo."

"Hukujua."

"Sikuuliza nikasubiri jibu. Niliuliza kama kiranja: jibu au adhabu." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Sikiliza. Nitarudi kwa Profesa nimwambie nilizusha."

"Wewe hujui kusema uongo. Utasimama wima kama unapandisha bendera, atakujua."

"Basi tuoane. Kesho, keshokutwa. Mke wangu hawezi kufukuzwa."

Alikuwa ameyangoja maneno hayo miezi mingi, na sasa yalipokuja yalimuuma. "Unanioa au unanihifadhi?"

"Kwa sasa kuna tofauti gani?"

"Siku tukigombana kwa chumvi ya mboga, utaniambia wewe ndiye uliyenipa nchi."

"Siwezi kusema hivyo!"

"Hutasema. Utanyamaza, na mimi nitakusikia."

Shuka moja lilidondosha tone begani mwa Kiranja, lisimshtue.

"Basi unataka nini?" aliuliza, na safari hii alisubiri.

"Nataka kufanya mtihani," Tatu alisema. "Nataka kumaliza nilichoanza. Na naogopa, Kiranja. Naogopa mpaka meno yananiuma."

"Twende kwa Profesa. Wewe useme, mimi nikae."

Shuka lililokuwa karibu lilisogezwa, na mama akatokea, pasi ingali mkononi. Alikuwa amesikia.

"Shikamoo, mama," Kiranja alisema kwa kushtuka, akijaribu kulinyoosha shati lake.

"Marahaba. Ndiye wewe kengele?" Alimpima toka utosini hadi viatuni. "Umetuunguza, baba."

"Nimewaunguza, mama. Naomba radhi."

"Radhi utaipata. Si leo."

Profesa aliwapokea wote watatu ofisini kwake alasiri ile ile. Tatu alisema maneno machache, amesimama, mikono nyuma. Profesa alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Tatu aliikadiria njia ya kutoka mlangoni hadi ngazini.

"Kaa chini, binti," Profesa alisema. "Mimi si polisi. Kazi yangu ni kufundisha. Lakini sitakudanganya: nafasi ya mafunzo darajani imekwenda, na zawadi ya mwanafunzi bora siwezi kukupa. Mtihani utaufanya, wewe ni mwanafunzi wangu, na aliyesoma hutahiniwa. Cheti ndicho kitakachozuiwa mpaka msajili auone uraia. Na msajili hadanganyiki kwa nukta."

"Hakuna njia, Profesa?" Kiranja aliuliza, kisha akajiuma mdomo, maana aliahidi kukaa.

"Iko moja, na ina miiba. Kwenye kitivo cha sheria kuna mwalimu anayewapeleka watu kama yeye uhamiaji, waliokulia hapa, waombe kutambuliwa. Wengine wamekubaliwa. Wengine wamerudishwa walikotoka. Ukiomba umejitaja, na ukijitaja huwezi kujificha tena." Alimgeukia mama, aliyekaa ukingoni mwa kiti kama aliyekiazima. "Nawe, mama, utatajwa pia. Hawezi kueleza alivyovuka bila kumtaja aliyembeba."

Tatu aliinuka. "Basi hapana. Yeye, hapana. Asante, Profesa, lakini afadhali nikapige pasi."

"Kaa," mama yake alisema.

"Mama, wakikukamata je?"

"Nimesema kaa." Mwanamke yule mwembamba alikuwa akivitazama viganja vyake, vyeupe kwa sabuni. "Nilikubeba mgongoni ili uishi, mwanangu, nikakufundisha kutoonekana kwa sababu sikujua kingine. Nimechoka kusikiliza ngazi. Kila usiku namhesabia mlevi wa ghorofa ya chini hatua zake. Kama ni kuulizwa, niulizwe nikiwa na nguvu za kujibu."

Tatu aliufanya mtihani. Aliyajibu maswali yote, akakabidhi karatasi, akatoka nje kupumua. Hakwenda kutazama ubao wa matokeo. Kiranja ndiye aliyekwenda, akamrudia na habari kwamba yeye, Kiranja, amekuwa wa pili, akazitamka kwa fahari isiyo na doa.

Asubuhi ya kwenda uhamiaji Tatu alivaa gauni jekundu. Lilikuwa la mama yake, la ujana, lililokaa chini ya begi miaka yote bila kuvaliwa. Koridoni kulikuwa na benchi refu la mbao, ukuta wa rangi ya maziwa yaliyochacha, na watu waliosubiri bila kutazamana. Kila mlango ulipofunguliwa, vichwa vyote viliinuka pamoja. Mwalimu wa sheria alikuwa amekwisha ingia na mafaili. Mama alifumba macho, midomo ikienda kwa dua.

Mkono wa Tatu ulikuwa ndani ya mkono wa Kiranja.

"Unatetemeka," Kiranja alisema.

"Wewe pia."

"Mimi ni baridi."

"Jua lote hili?"

Akacheka kidogo puani. Kisha akaacha kucheka. "Tatu, ile siku ya mashuka niliuliza vibaya. Nilikuuliza kama mtu anayemtupia kamba anayezama. Naomba niulize upya. Sina haraka, na sina mpango wowote nyuma yake. Nataka tuzeeke pamoja tukibishana kuhusu pasi. Wakikubali, nataka hivyo. Wakikukataa, niambie uliko, nitakuja na bomba langu la michoro nijenge huko. Unanikubali?"

"Unaniuliza hapa? Mbele ya mlango huu?"

"Ukitaka nisubiri watoe jibu lao, nitasubiri."

"Hapana." Alimgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu wafike aliacha kuutazama mlango. "Nakujibu sasa, kabla wao hawajanijibu. Usije siku moja ukadhani nilikuchukua kwa kuwa walinikataa, au nilikubakisha kwa kuwa walinikubali. Ndiyo, Kiranja. Nakutaka. Ila ndoa itafungwa siku tutakayoichagua sisi, haitakuwa dawa ya ofisi hii."

"Hata ikichukua miaka?"

"Utapiga pasi kwanza."

Mlango ulifunguliwa. "Anayefuata!" sauti ikaita ndani. Vichwa vyote viliinuka.

Tatu alisimama. Mama yake akasimama naye, akamshika kiwiko, wakaingia, na mlango ukabaki wazi nusu nyuma yao. Nyuma ya meza kulikuwa na mtu mwenye sare, kalamu mkononi, macho kwenye karatasi.

"Jina?"

Alilitaja, likatoka kama pumzi.

"Sisikii," afisa alisema bila kuinua kichwa. "Sema kwa sauti."

Mkono wa mama ukamgusa katikati ya mgongo, ukatulia pale. Tatu alivuta pumzi, akalitaja jina lake, na la baba yake aliyeuawa, na la babu yake, moja baada ya jingine, kwa sauti iliyotoka nje ya mlango ikafika mwisho wa koridoni. Na huko kwenye benchi, kijana wa shati jeupe akainuka, akasimama wima, akabaki amesimama.